Kishale Kilichokwama Kushoto

SURA YA SITA

Saa nne asubuhi ya siku ya Alhamisi Inspekta Korane alihesabu watu waliobaki ndani ya uzio wa shirika pale Dadaab, akapata sita pamoja na yeye mwenyewe. Nje ya uzio kulikuwa na maji. Kila mahali palipokuwa na barabara mwezi uliopita sasa palikuwa na maji ya rangi ya chai, na mvua ya El Ninyo haikuonyesha dalili ya kuchoka. Korane alizaliwa Garissa akakulia kwenye vumbi, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja angechukia maji. Aliyachukia sasa kwa moyo wote. Yalikuwa yamemeza lori la polisi lililomleta jana, yameozesha soksi zake, na yalikuwa yamemfungia humu ndani na mtu mmoja aliyeua.

Aliyeua kwa karatasi, tena. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Karatasi yenyewe ilikuwa mezani mbele yake, ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa orodha ya wagonjwa wanne wa kambi ya Dagahaley ambao helikopta ilitakiwa kuwachukua Jumanne na kuwapeleka hospitali Garissa. Jumamosi, orodha ilipochapwa mara ya kwanza, jina la nne lilikuwa la Kaaha, mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu. Kwenye orodha ya Jumanne, ile aliyokabidhiwa rubani, jina la nne lilikuwa la mzee Olow, mtu ambaye hakuwa hata na kikohozi. Nesi wa Dagahaley alipiga kelele uwanjani mpaka sauti ikamkauka. Rubani, mgeni asiyejua lugha yoyote ya pale, aliangalia mawingu, akaangalia karatasi, akawapandisha walioandikwa. Kaaha alifariki Jumatano alfajiri.

Ndugu zake wawili walitembea ndani ya maji kutoka Dagahaley mpaka lango la shirika. Walisimama pale tangu jana jioni, maji yakiwafika magotini. Walikuwa wakimsubiri Ramlo.

Ramlo alikuwa karani wa kompyuta. Orodha ilibadilishwa kwa neno lake la siri. Mzee Olow alikuwa baba yake mdogo, tumbo moja na baba yake mzazi. Kwa hesabu hiyo, Bi. Mkawasi, Mtaita mwenye miwani minene aliyekuwa mkuu wa ofisi, alimfungia binti huyo kwenye stoo ya maturubai. Kwa usalama wake, alisema. Lakini kufuli lilikuwa nje.

Helikopta ingerudi saa kumi. Amri ilikwishatoka Garissa kwa redio: Inspekta Korane ampandishe mshukiwa, amlete. Korane alikuwa polisi kwa miaka kumi na saba na alijua maana yake. Ramlo akishatua Garissa ameshakuwa mwizi wa roho ya mtu, na hakuna afisa atakayekubali kurudi kwenye tope hili kumtafuta mwingine.

Alikuwa na saa sita.

"Kiswahili," Bi. Mkawasi alimkumbusha walipokuwa wakifungua kufuli. "Kila swali, kila jibu. Sitaki jambo lizungumzwe pembeni yangu kwa Kisomali halafu nije niambiwe limekwisha."

"Nimekusikia mama."

Stoo ilinuka mpira na ukungu. Ramlo alikuwa amekaa juu ya rundo la maturubai, shungi limemfunika mpaka magotini, macho mekundu. Pembeni yake alikuwa habaryar wake, dada wa mama yake, Maka, mpishi wa ofisi, aliyekataa kutoka mle ndani tangu jana. Aliwaangalia waliokuja kama mtu anayeangalia fisi.

"Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, orodha hii ilichapwa," Korane alisema. "Saa imeandikwa hapa chini. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalala, adeer," Ramlo alijibu, akimwita baba mdogo kwa heshima. "Malaria. Tangu Jumapili asubuhi mimi sijatoka kwa kitanda. Kompyuta niliguza mara ya mwisho Jumamosi."

"Shahidi?"

"Mimi," alisema Maka.

"Wewe ni mama yake mdogo."

"Basi nani mwingine atakaa na mgonjwa? Wewe?"

Mbele ya wakubwa wa Garissa ushahidi wa mama mpishi haukuwa na uzito wowote, na kila mtu mle ndani alijua hivyo.

"Neno lako la siri ni lipi?"

Ramlo aliinamisha kichwa. "Samatar."

"Samatar ni nani?"

"Babu yangu wa saba."

Korane alifumba macho. Alitamani kucheka lakini moyo haukumpa. Bi. Mkawasi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Nielezeni na mimi."

"Mama, mtoto wa Kisomali hufundishwa kutaja mababu zake kabla hajajua kuhesabu mbuzi. Baba, babu, baba wa babu, mpaka ishirini. Ukoo wao wote unamjua huyo Samatar. Huyu dada ameficha ufunguo wake mahali ambapo kila mtu wa kwao anapita."

"Kwa hiyo ni mtu wa ukoo wao."

"Au mtu aliyesikia ukoo huo ukitajwa." Akamgeukia Ramlo. "Mtu wa nje huusikia wapi?"

"Kwa mambo ya ndoa, adeer. Wazee wakikaa, wanataja." Alisita. "Binti ya adeer Olow, Osob, ameposwa mwezi iliyopita. Mimi sikuwa huko. Walisema tu ni mtu ya mashirika."

Mashirika yalikuwa mengi Dadaab mwaka ule kuliko visima. Korane aliandika jina la Osob kwenye daftari lake na kulipigia mstari, ingawa hakujua bado la kufanya nalo.

Mtunza stoo wa chakula, Mursal, Korane alimkuta akipanga magunia juu ya mbao ili maji yasiyafikie. Alikuwa mtu wa Lafey, mrefu, mikono mipana, miaka thelathini na kitu. Alisalimia vizuri, p zikimtoka kama b mara kwa mara, akamkung'utia afande gunia la kukalia.

"Jumanne asubuhi?"

"Nilikuwa hapa, afande. Peke yangu. Nahesabu unga."

"Kompyuta ya ofisini unaitumia?"

Mursal alicheka. "Mimi ni mtu ya stoo. Mafuta, mahindi, unga. Hiyo kombyuta siguse. Hata kuiwasha sijui, wallahi. Naenda huko Ramlo ananipa karatasi, narudi."

"Mzee Olow unamjua?"

"Namjua kwa macho."

"Wanasema hakuwa mgonjwa."

"Ugonjwa ingine haionekani, afande. Iko ndani." Akabeba gunia lingine, akalitua taratibu. "Huyo msichana mnamfanya nini?"

"Saa kumi anaondoka na mimi."

"Ni fizuri," alisema Mursal. "Hapa watu watamuua."

Korane aliondoka na unga kwenye suruali. Lilikuwa jibu la mtu mwenye huruma, na huenda lilikuwa hivyo kweli. Lakini Mursal alikuwa mtu wa kwanza kwenye uzio huo kusema kwamba mzee Olow alikuwa mgonjwa.

Aweys, mtu wa redio, alikuwa na sifa zote za mhalifu. Alikulia Eastleigh, alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na alipoulizwa kama anaitumia ile kompyuta alijibu haraka mno kwamba hapana. Korane alifungua daftari akaanza kuliandika jibu hilo taratibu, herufi kwa herufi.

"Sawa, maze, natumia," Aweys alisema mwisho. "Ile mchezo ya karata. Nikiwa na boredom ya redio. Mama asijue."

"Mama amesikia," alisema Bi. Mkawasi kutoka mlangoni.

"Mara ya mwisho?"

"Jumamosi, afande. Baadaye Mama akaniambia nisitoke kwa redio, mafuriko. Hata chai naletewa hapo."

"Neno la siri la Ramlo unalijua?"

"Ya nini? Mchezo haiulizi."

Korane alisimama. Mpaka wakati huo alikuwa amezungumza habari za kompyuta asubuhi nzima bila kuigusa, na ilimjia kwamba hiyo ni sawa na kuchunguza ajali bila kwenda barabarani. "Twende ukanionyeshe," alisema. "Nataka kuona aliyebadilisha orodha alifanya nini, hatua kwa hatua. Jifanye ni wewe."

"Afande, usiseme hivyo."

Mashine ilikuwa kwenye chumba cha ofisi chenye ndoo mbili chini zikikinga maji ya paa. Ilikuwa na skrini mbili. Kubwa ilikuwa katikati ya meza, ina ramani ya kambi. Ndogo ilikuwa kushoto kwake. Aweys alieleza kwamba wazungu walioileta waliiweka hivyo makusudi: ramani kwenye kubwa, orodha zote kwenye ndogo, na kishale kimoja cha kipanya kinatembea kote, kinatoka skrini hii kinaingia ile, kama mtu anayetoka chumba kimoja kwenda kingine.

"Basi kipeleke kwenye ndogo. Fungua orodha."

Aweys alikaa, akashika kipanya, akakisukuma kushoto. Kishale kilikimbia juu ya ramani, kikafika ukingo wa kushoto wa skrini kubwa, kikasimama. Akainua kipanya, akakirudisha, akasukuma tena. Kishale kilitetemeka pale pale ukingoni. Skrini ndogo ilibaki inawaangalia, haina kitu.

"Ilikuwa inaenda," Aweys alisema. Akavua miwani ya jua. Akasukuma mara ya tatu kwa nguvu mpaka kipanya kikadondoka kutoka mezani. "Wallahi afande, hii kitu ilikuwa inaenda. Imegonga ukuta."

"Jumamosi ilikuwa inaenda?"

"Jumamosi ilikuwa..." Aweys aliangalia skrini ndogo kana kwamba imefika sasa hivi. "Jumamosi hii ilikuwa upande ile ingine. Kulia. Nani ameihamisha?"

Hakuna aliyejua. Bi. Mkawasi alisema yeye huingia chumba hicho kuchukua karatasi tu. Korane alitazama juu. Upande wa kulia wa meza dari lilikuwa limevimba na kubadilika rangi, na ndoo kubwa zaidi ilikuwa hapo chini yake, maji yamefika nusu.

"Fundi wa mashine hizi ni nani?"

"Noordin. Yuko Garissa."

"Niitie kwenye redio."

Iliwachukua muda. Jenereta ilizimika, ikawashwa, hewa ikajaa mikwaruzo, akapatikana mtu ambaye hakuwa Noordin, kisha akapatikana Noordin mwenyewe, akihema kama aliyekimbia.

"Ndiyo mimi, afande. Jumapili jioni paa lilianza kuvuja juu ya skrini ndogo. Nikaichomoa kulia nikaiweka kushoto. Ovaa."

"Kishale hakivuki. Kwa nini? Ovaa."

"Kinavuka. Nilihamisha skrini tu, ndani ya mashine sikubadilisha mpangilio. Nilisema nitafanya Jumatatu, alfajiri lori la mwisho la shirika likawa linaondoka, nikapanda. Mashine bado inadhani ndogo iko kulia. Sukuma kulia, mpaka kishale kitoke nje kabisa ya ukingo wa kulia. Kitatokea kwenye ndogo, huko kushoto. Ovaa."

"Mwambie arudie," alinong'ona Bi. Mkawasi. "Sijaelewa."

Korane alikuwa ameelewa. Aliomba Noordin arudie hata hivyo, akaandika neno kwa neno, kisha akauliza swali lake la mwisho. "Ulimweleza nani? Ovaa."

"Hakuna. Nilifanya peke yangu, watu walikuwa wamekwenda kusali. Ovaa."

Aliporudi kwenye mashine alijaribu mwenyewe. Hakuwahi kushika kipanya maishani. Alisukuma kushoto, kwa sababu skrini ilikuwa kushoto na mkono wake haukuwa na wazo lingine, na kishale kikaganda ukingoni. Alikihurumia kidogo. Halafu akajilazimisha kusukuma kulia, mbali na kile alichokitaka, mpaka kishale kikatoweka upande wa kulia. Kufumba na kufumbua kilikuwa huko kushoto, juu ya skrini ndogo, kinamsubiri.

"Aliyebadilisha orodha Jumanne," alisema polepole, "alikaa hapa akiwa na haraka. Orodha ziko kwenye ndogo. Akasukuma kushoto kama sisi, akagonga. Akahangaika. Mwisho akagundua kwamba njia ni kulia, na akaitumia kufungua, kufuta jina, kuandika jina, kuchapa. Safari nyingi. Mkono wake umejifunza."

"Mlete Ramlo," alisema Bi. Mkawasi.

Walimleta, Maka nyuma yake akiwa amemshika kiuno. Ramlo alisimama mlangoni. "Nani amehamisha hiyo?" Ndilo neno lake la kwanza. Korane alimwambia afungue orodha yoyote anayotaka. Akakaa, akasukuma kushoto. Kishale kikagonga. Akarudia. Akarudia tena, tena, na mara ya tano akaweka kipanya chini akaanza kulia, kwa sababu hata mashine yake ilikuwa imemgeuka.

"Si yeye!" Maka alisema.

Bi. Mkawasi alivua miwani, akaifuta. Alikuwa mtu wa haki, ndiyo maana ilimuuma kusema aliyosema. "Inspekta, anaweza kuwa anajifanya. Aweys pia. Mtu akijua anatafutwa, si atasukuma kushoto tu?"

"Kweli."

"Basi umepata nini?"

"Nimepata nusu. Mtu anaweza kujifanya hajui, mama. Kujifanya anajua, hawezi. Namtaka anayejua."

Aliwaapisha wote wanne kwamba neno la Noordin halitatoka chumbani. Kisha akamwita Mursal.

Mursal alikuja, akafuta mikono kwenye kikoi, akakaa alipoambiwa. Alikishika kipanya kwa vidole viwili, akakiinua juu, akakielekeza kwenye skrini, akauliza afande hii banya inafanya nini. Aweys alicheka bila kutaka. Korane alimshukuru, akamruhusu arudi kwenye unga wake.

Saa nane ikapita. Mvua ilinyesha, ikaacha. Korane alikwenda mpaka langoni, akawasalimia ndugu wa Kaaha, wakaitikia salamu, basi. Mkubwa wao alimwambia kitu kimoja tu: "Tunangoja, na wewe unangoja." Alirudi amelowa mpaka mapajani, amekasirika. Alikuwa na jina kichwani, lakini jina bila ushahidi lisingezuia helikopta. Akimpandisha Mursal kwa sababu ya kusema mzee fulani ni mgonjwa, mkubwa wake atamcheka mbele ya kituo kizima, na Ramlo atakwenda vilevile.

Saa tisa na nusu alimwamuru Aweys aandike hati ya kukabidhi mshukiwa na kuiacha wazi kwenye skrini ndogo, bila kuichapa. Akamwambia Bi. Mkawasi jambo moja sikioni. Halafu akawaita wote ofisini. Ramlo alikuja na kifurushi chake. Maka alikuja akilia waziwazi. Mursal aliitwa awe shahidi wa kutia sahihi, na abebe godoro la mgonjwa mpaka uwanjani. Alilibeba kabisa, begani, akasimama nalo nyuma ya kiti.

"Rubani haondoki bila karatasi," Korane alitangaza. "Wiki hii sote tumeona nguvu ya karatasi. Hii nitaichapa mimi mwenyewe, isije ikasemwa mtu mwingine ameigusa."

Akakaa. Akashika kipanya. Akasukuma kushoto.

Kishale kikagonga ukingo.

"Kimekwenda wapi hiki?" Akainua kipanya, akakigonga mezani, akasukuma. "Aweys, kimekwenda wapi?"

"Sijui, afande. Imehepa."

Mbali sana, upande wa Garissa, sauti ya helikopta ilianza. Kila mtu aliisikia. Godoro likahama kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

Korane alisukuma kushoto. Kishale kiliganda pale pale, kinatikisika. Akakirudisha katikati ya ramani kwa uangalifu wote wa mtu asiyejua, akakipeleka tena kushoto, tena kikakwama. Jasho lilikuwa linamtoka, na halikuwa la kuigiza. Sauti ikawa karibu, mabati yakaanza kutetemeka.

"Inspekta, rubani hatasubiri," alisema Bi. Mkawasi. "Asipopata karatasi ataondoka, na msichana atabaki hapa. Tutaanza upya kesho."

"Najaribu, mama. Hakivuki. Pengine ndani yake kuna kitu kimekatika."

"Jaribu tena."

Kushoto. Ukuta. Kushoto. Ukuta. Nyuma yake Korane alisikia mtu akivuta pumzi kwa meno.

"Kulia," ilisema sauti.

Korane hakugeuka. "Nini?"

"Kulia, afande! Sukuma kulia!"

"Wewe, skrini iko kushoto. Kulia niende wapi?"

"Sukuma tu, itatokea huku! Wacha, wacha..." Godoro likaanguka sakafuni. Mkono mpana ukapita juu ya bega la Korane, ukakichukua kipanya mkononi mwake, ukakifagia kulia mara moja. Kishale kikatoka nje ya ramani, kikatokea kwenye skrini ndogo. Mkono haukusita. Ukapanda juu, ukafungua, ukateremka, ukabonyeza. Mashine ya kuchapa ikaamka ikaanza kuvuta karatasi.

Karatasi ilitoka mstari kwa mstari. Mursal alikuwa bado ameinama, mkono juu ya kipanya, na alipoona hakuna anayeitazama karatasi aliuondoa taratibu, akauficha nyuma ya mgongo.

"Hata kuiwasha hujui," alisema Korane.

"Nimeona Ramlo akifanya. Nilikuwa nakaa nyuma yake, nangoja karatasi za stoo. Macho inasoma."

"Akisukuma kulia?"

"Ndiyo."

"Kishale kikitokea kushoto?"

Mursal aligeuka kuitazama skrini ndogo.

"Hiyo skrini ilikuwa kulia mpaka Jumapili jioni," Korane alisema. "Ramlo hakuingia chumba hiki tangu Jumamosi mpaka leo. Aweys hakuijua njia hiyo. Mama Mkawasi hakuijua. Mimi mwenyewe nimeijua leo adhuhuri kutoka kwa Noordin aliye Garissa. Wewe umeijua lini?"

Helikopta ilipita juu ya paa. Karatasi za mezani zikaruka, Maka akazikanyaga.

"Osob ni mchumba wako," Korane alisema sauti ilipopungua. "Ulikwenda na wazee, ukoo ukatajwa, ukamsikia Samatar. Nikimwuliza mzee Olow jioni hii Garissa, ataniambia nini?"

Mursal aliketi juu ya godoro. Alikuwa mtu mkubwa, na alivyoketi vile alionekana kama aliyeangushwa. "Mzee alisema hataki kufa kwa maji. Alisema, nitoe huku, msichana ni yako. Usiponitoa, kuna mtu wa Wajir anamtaka." Alimwangalia Ramlo, akaondoa macho haraka. "Mimi nilifikiri ndege itarudi kesho yake. Huyo mama ya mimba atangoja siku moja tu. Sikujua haitarudi, afande. Wallahi sikujua."

"Na jina langu?" Ramlo aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilisikika. "Umeniona nafungwa kwa stoo siku mbili. Ulinipitishia maji kwa dirisha."

Korane aliichukua hati kwenye mashine, akaichana, akamfunga Mursal pingu. Nje uwanjani helikopta ilikuwa inatua, maji yakipigwa na upepo wake. Bi. Mkawasi alisema atakwenda langoni kuwaambia wale wawili yeye mwenyewe. Mlangoni Korane alisimama. Kulikuwa na jambo moja ambalo alitaka kulijua, si kwa ajili ya jalada.

"Ungenyamaza dakika tano, ningeshindwa. Kesho ningemjaribu mtu mwingine, na pengine nisingekupata kamwe. Kwa nini umesema?"

Mursal alifikiri. Alionekana kutafuta jibu la kweli, na alipolipata alishangaa mwenyewe.

"Nilitaka aende, iishe. Lakini si hiyo tu. Ulikuwa umebotea, afande. Kitu iko hapo karibu na wewe unazunguka tu. Mtu hawezi kusimama anaangalia mwenzake amebotea."

"Kwa Kaaha," alisema Korane, "uliweza."